Kumrudisha nyumbani mgonjwa asiyetarajiwa kupona: dawa kwanza, gari baadaye

Daktari akishasema hakuna tiba tena ya kuuondoa ugonjwa, wagonjwa wengi huomba jambo moja: nirudisheni nyumbani. Ni ombi la haki, na familia inaweza kulitimiza vizuri hata bila fedha nyingi. Kinachoharibu ni haraka. Gari linatafutwa asubuhi, mgonjwa anafika kijijini jioni, na usiku wa manane maumivu yanapanda wakati dawa ya kuyatuliza imebaki hospitalini, mikoa miwili nyuma.

Mwongozo huu ni kwa familia ya Tanzania inayomtoa mgonjwa wa saratani katika hospitali kubwa kama Ocean Road, Muhimbili, Bugando au KCMC na kumpeleka nyumbani kwa siku au wiki zake za mwisho. Mengi yanamfaa pia mgonjwa wa moyo, ini au figo, isipokuwa dozi za dawa. Mwenye figo zilizochoka hapewi mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa kipimo cha wengine.

Kabla ya kuomba ruhusa

Muulizeni mwenyewe kwanza. "Mama, ungependa uwe wapi?" Wapo wanaotaka kwenda kwa binti yao mjini, karibu na hospitali, kuliko kwenye nyumba ya ukoo, na wanaona aibu kusema mbele ya wakubwa. Aulizwe na mtu anayemwamini, wakiwa wawili tu.

Kisha ombeni kikao na daktari pamoja na muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kama hospitali inaye. Wasiende kumi. Waende watatu, akiwemo yule atakayemhudumia kwa mikono yake, maana mara nyingi anayesikiliza maelekezo ni kaka mkubwa na anayempa dawa ni mkwe aliyebaki nyumbani. Ulizeni wazi: tunazungumzia siku, wiki au miezi? Ni tatizo gani linaloweza kutokea ghafla kwa ugonjwa huu? Dawa zipi ziendelee na zipi ziachwe? Vidonge vingi vya muda mrefu, kama vya kushusha mafuta mwilini na vitamini, havina kazi tena na vinamchosha kumeza.

Msiondoke kwa kusaini kwamba mmekataa ushauri wa daktari ikiwa njia nyingine ipo. Anayeondoka hivyo huondoka mara nyingi bila dawa na bila karatasi. Semeni kwamba mnataka mgonjwa aruhusiwe kwa ajili ya tiba shufaa nyumbani. Kama kinachozuia ni bili, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku chache kabla, si siku ya kuondoka.

Mkononi muwe na muhtasari wa matibabu unaotaja ugonjwa na kusema kwamba lengo sasa ni kumtuliza mgonjwa, orodha ya dawa na dozi zake, barua kwa hospitali ya wilaya iliyo karibu na nyumbani, na namba ya simu ya wodi au ya kitengo cha tiba shufaa. Toeni nakala. Karatasi hizi zitawasaidia hata baada ya kifo, kama tutakavyoona.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: mofini ikiisha, tutaipata wapi? Haiuzwi duka la dawa la mtaani kama panadoli. Inaandikwa na daktari na kutolewa hospitali, na si kila hospitali ya wilaya inayo. Ombeni wodi ipige simu huko mnakokwenda kabla hamjaondoka. Jibu likiwa "haipo", pangeni nani ataifuata, wapi na kila baada ya siku ngapi. Mkikosa jibu kabisa, afadhali mgonjwa akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye dawa. Nyumbani bila dawa ya maumivu si nyumbani alikoomba.

Pigeni hesabu ya chupa. Tuseme mgonjwa anapewa mililita 5 kila baada ya saa nne, na dozi ya kulala ni mara mbili. Hiyo ni dozi nne za mililita 5 na moja ya 10, jumla mililita 30 kwa siku. Ongeza dozi mbili za dharura, za maumivu yanayotokea katikati ya saa za dawa, mnafika 40. Chupa ya nusu lita itakwisha kwa siku 12 hivi. Mpya ianze kufuatiliwa inapobaki ya wiki nzima, maana siku ya kwanza mtaambiwa daktari hayupo na ya pili ni Jumamosi.

Nyumba iwe tayari kabla ya mgonjwa

Mtu mmoja atangulie siku moja au mbili. Chumba kiwe karibu na choo na karibu na pale familia inapokaa, si kile cha nyuma kilichotengwa kwa ukimya. Kitanda kisiwe cha chini: godoro likiwa usawa wa nyonga ya mhudumu, mgongo wake utapona. Kama kitanda ni kifupi, inueni matendegu kwa matofali au vipande vya mbao, na hakikisheni hakitikisiki. Kisisukumwe ukutani upande wowote wa ubavu, kwani kumgeuza mgonjwa kunahitaji mtu kila upande.

Vya kununua au kukusanya: godoro la sponji lisilobonyea, mpira au nailoni ya kutandika chini ya shuka, mito minne au mitano, kanga na vitenge vya zamani vilivyolainika, nepi za watu wazima, glavu, beseni mbili, mafuta ya mgando, pamba, bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano kwa kupimia dawa, na daftari. Mgonjwa asiyeweza kulala chali kwa sababu ya pumzi awekewe kiti cha mbao kilichopinduliwa nyuma ya mito, miguu ya kiti ikielekea kichwani mwa kitanda. Mgongo wa kiti unakuwa mteremko mzuri wa kuegemea.

Kama uvimbe uko shingoni au mahali daktari alipowaonya kwamba panaweza kutoka damu nyingi, wekeni kando taulo au vitambaa vya rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na wote waliomo chumbani.

Safari

Dozi ya maumivu apewe kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuondoka, hata kama anasema hajisikii vibaya. Barabara ya vumbi itabadilisha maneno yake. Asafiri na nepi kavu, godoro jembamba chini yake, mito pande zote mbili na chini ya magoti. Noah yenye viti vilivyokunjwa hutosha kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni. Anayehitaji oksijeni asafiri na gari la wagonjwa na muuguzi, na mitungi ihesabiwe kwa urefu wa njia pamoja na akiba ya foleni.

Mofini ikae mkononi mwa mtu, chupa ikiwa wima, pamoja na karatasi ya daktari. Isiwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Simameni kila saa mbili kumgeuza na kumlowesha midomo.

Lazima pia mzungumze kabla ya safari: akifariki njiani tutafanya nini? Kama umbali ni mkubwa na amebakiza siku chache, uwezekano upo kweli. Mkifikwa na hilo, endeni hospitali iliyo karibu, onyesheni muhtasari wa matibabu, wathibitishe kifo na wawape karatasi za kuendelea na safari. Familia iliyokubaliana mapema haigombani barabarani.

Mofini, saa kwa saa

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Ndiyo maana haisubiri maumivu yaanze. Inatolewa kwa saa, hivi:

saa 12 asubuhi
saa 4 asubuhi
saa 8 mchana
saa 12 jioni
saa 4 usiku, dozi mara mbili, ili alale bila kuamshwa saa 8 usiku

Kosa la kawaida kabisa ni kumpa "akilalamika tu". Maumivu yakishapanda, dozi ileile iliyokuwa inatosha haitoshi tena, mgonjwa anahesabiwa kuwa dawa imemkataa, na familia inakata tamaa. Maumivu yakitokea katikati ya saa zake, apewe dozi ya dharura, ambayo kwa kawaida ni sawa na ile ya kila saa nne, na dozi inayofuata isirukwe. Andikeni kila dozi kwenye daftari: saa, kiasi, nani ametoa. Dozi za dharura zikizidi mbili au tatu kwa siku, mpigieni muuguzi au daktari ili aongeze dozi ya kawaida. Msiiongeze wenyewe.

Someni nguvu ya dawa kwenye lebo kila mkipewa chupa mpya. Chupa mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana nguvu mara kadhaa, na mililita 5 za moja zisiwe sawa na mililita 5 za nyingine. Pimeni kwa bomba, si kwa kijiko cha jikoni.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na huenda akasikia kichefuchefu. Hupungua, na ipo dawa ya kichefuchefu ya kuombwa tangu hospitalini. Kukosa choo hakupungui. Kila anayekunywa mofini anywe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa mfano bisakodili usiku. Ikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa, 5 hadi 30, atafune usiku kama bado anatafuna, au kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kabla ya chai ya asubuhi. Akipitisha siku tatu bila choo, piga simu. Choo kilichokauka ndani huleta maumivu ya tumbo, kutapika na hata kuweweseka, na watu hudhani ni saratani imepanda kichwani.

Maneno kwamba mofini inaharakisha kifo mtayasikia kwa jirani, pengine hata kwa mhudumu wa zahanati. Ikitolewa kwa kipimo, kwa mtu mwenye maumivu, haiui na haimfanyi mgonjwa teja. Dalili ya kuzidi ni hii: haamshiki hata akitikiswa, pumzi chini ya 8 kwa dakika, mboni za macho zimekuwa kama nukta. Hapo msitoe dozi inayofuata, pigeni simu mara moja. Mkojo ukipungua sana na mwili ukaanza kushtukashtuka, nako pigeni simu, kwa sababu dawa inajikusanya mwilini na dozi inafaa ishushwe. Na msiikatize ghafla siku moja kwa sababu ameonekana vizuri. Ameonekana vizuri kwa sababu anaitumia.

Mwili wake

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili mchana. Usiku saa nne zinatosha kama amelala vizuri. Kazi hii ikifanywa kwa kumvuta mikono au makwapa, ngozi inachunika na mabega yanauma. Tumieni kanga.

Ikunjwe mara mbili, ilale chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Mwambieni kwanza: "Baba, tunakugeuza upande wa mlango." Mkono wake wa upande mnaomwelekeza uwekwe mbali kidogo na mwili usije ukalaliwa, mkono mwingine ukae kifuani. Goti la upande wa pili likunjwe. Wahudumu wawili, mmoja kila upande, waviringe ncha za kanga hadi karibu na mwili wake, wahesabu pamoja, wamnyanyue kidogo na kumsogeza nyuma kuelekea ukingo, kisha mmoja avute kanga juu na kumviringisha upande. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mwisho pitisha kiganja chini ya bega na nyonga, utoe mikunjo ya shuka. Mkunjo mmoja wa shuka ukilaliwa usiku kucha unatosha kuanzisha kidonda.

Kila mnapomgeuza tazameni visigino, vifundo, nyonga na juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu: tafuteni sehemu iliyoiva rangi kuliko jirani yake, yenye joto au iliyokazana, ambayo haibadiliki ukiibonyeza. Asilalie hapo tena. Msiisugue, kwani kusugua kunavunja nyama ya chini ambayo tayari imechoka, na msimkalishe kwenye duara la mpira au la kitambaa, maana linakaba damu pembeni.

Kidonda chenye harufu kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Muulizeni muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazo vinavyosagwa kuwa unga na kunyunyizwa juu ya kidonda kabla ya kukifunika. Huua vijidudu vinavyoleta harufu, na mara nyingi siku chache tu zinatosha kuona tofauti. Beseni la mkaa chini ya kitanda nalo hunyonya harufu. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mgonjwa anayenuka huachwa peke yake, naye analijua.

Kinywa kisafishwe mara nne kwa siku au zaidi: pamba au kitambaa laini, glasi ya maji yenye chumvi kidogo, ulimi, fizi na ndani ya mashavu, kisha mafuta ya mgando midomoni. Mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, umwagwe kabla haujajaa, na bomba lisilaliwe.

"Mnamuacha afe njaa"

Maneno haya ndiyo yanayovunja familia nyingi, na kwa kawaida huletwa na ndugu aliyefika jana. Jibuni kwa upole lakini bila kuyumba. Mwili unaokaribia mwisho hauwezi tena kutumia chakula. Haachi kula ndiyo afe. Anaacha kula kwa sababu anakufa. Uji ukisukumwa kwa kijiko mdomoni mwa mtu asiyemeza vizuri unaingia kwenye mapafu, analetewa kikohozi na homa katika siku zilizokuwa ziwe za utulivu. Apewe anachokitaka, kiasi anachotaka, akiwa ameinuliwa: vijiko viwili vya mtindi, kipande cha tikiti, chai ya rangi. Akifumba mdomo, imetosha.

Dripu ni hivyo hivyo. Katika siku za mwisho maji ya dripu hayamwongezei nguvu. Mengi hujaa miguuni na kwenye mapafu na kuongeza koromo. Kiu yake inaponywa kwenye midomo na ulimi, kwa maji ya pamba kila baada ya muda mfupi. Mpeni shangazi aliyekuja na mtungi wa supu kazi hiyo. Anataka kumhudumia, na hii ni huduma yenyewe.

Wageni wapangiwe saa, asubuhi kidogo na jioni kidogo, wawili wawili. Mtu mmoja awe msemaji wa familia kwa simu na michango, na mwingine, si huyo huyo, awe mwenye daftari la dawa. Zamu za usiku zigawanywe tangu siku ya kwanza. Mhudumu mmoja akibeba usiku zote, ndani ya wiki atakosea dozi. Watoto waruhusiwe kuingia na waelezwe ukweli kwa maneno mafupi. Na kama ana la kusema kuhusu mali, madeni au wosia, lishughulikiwe akili ikiwa bado safi na mashahidi wasiorithi wakiwepo. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia.

Siku za mwisho

Atalala sehemu kubwa ya siku. Mkojo utakuwa kidogo na mweusi kama chai. Mikono na miguu itapoa, na ngozi ya magoti na nyayo huweza kuwa na mabaka. Pumzi zitabadilika: za haraka, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha zinaanza tena. Koo huweza kukoroma kwa mate ambayo hana nguvu ya kuyameza. Koromo hilo linawaumiza wasikilizaji kuliko yeye. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo, mate yatoke kwa mdomo. Msiingize kitu kooni.

Akihangaika, akivuta nguo na kutaka kushuka kitandani, kagueni kwanza kibofu kilichojaa, choo, nepi iliyolowa, joto la chumba na dozi iliyopitishwa. Mara nyingi sababu ni mojawapo. Zikikosekana zote, pigeni simu.

Asipoweza kumeza, mofini isiachwe. Maumivu hayajaondoka kwa sababu tu hasemi. Mkunjo wa uso na kuguna wakati wa kumgeuza ndizo lugha yake sasa. Muuguzi awe amewaonyesha mapema namna ya kuidondosha kidogo kidogo ndani ya shavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kama inahitajika yenye nguvu zaidi ili mililita ziwe chache.

Huenda bado anasikia, kwa hiyo mazungumzo ya jeneza na gharama yafanyike nje. Kwa Waislamu, aelekezwe kibla bila kumtesa kwa kumsukuma, na mtu mmoja mwenye sauti ya chini amtamkishe shahada. Wakizidi inakuwa kelele. Kwa Wakatoliki, padri aitwe kwa mpako wa wagonjwa angali na fahamu, si dakika za mwisho.

Wakati huu mtu atasema, "Tumkimbize hospitali." Kama ni maumivu yasiyotulia, mkojo ulioziba au mfupa uliovunjika, sawa, aende. Kama ni hizi dalili zilizotajwa hapa, safari itamkatishia pumzi zake ndani ya gari.

Baada ya hapo

Hakuna la kukimbilia. Tazameni saa, iandikeni. Kope zifungwe kwa vidole kwa dakika chache, taya ifungwe kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu, viungo vinyooshwe ndani ya saa mbili hivi kabla mwili haujakaza. Anayeosha avae glavu. Mpira wa mkojo utolewe na mhudumu wa afya, au utolewe baada ya kunyonya maji ya puto lake kwa bomba la sindano. Kuuvuta kwa nguvu kunachana.

Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji, pamoja na muhtasari wa matibabu na kitambulisho cha marehemu. Muhtasari huo ndio unaoonyesha kwamba kifo kilitarajiwa na sababu yake inajulikana, na hupunguza maswali yanayochelewesha mazishi. Kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30, ofisi zake zipo kwa mkuu wa wilaya. Bila cheti cha kifo, mirathi, akaunti za benki na mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii havitafunguka, na anayesubiri miezi kadhaa anajiongezea safari na gharama.

Mofini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, chupa na daftari lake. Isimwagwe, isigawiwe jirani mwenye mgongo unaouma, na isiwekwe kabatini.